Spika Nyuma ya Kiti cha Dereva

Dereva hakuamini neno lililosemwa mara moja. Ukimwambia, "Kesho tunaondoka saa kumi na mbili," alikutazama usoni, kisha akasema, "Sema tena." Uliposema tena aliendelea kukukodolea macho mpaka umalize, ndipo akaitikia kwa kichwa. Aliyethubutu kumwuliza kwa nini anawarudisha watu nyuma namna hiyo alipewa jibu lile lile miaka yote: "Nataka nione kama maneno yatakuwa yale yale. Mtu anayedanganya akirudia hukosea."

Basi tulimwogopa. Mpishi wa hospitali alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini akikutana na Dereva uani alipita kimya na sufuria lake. Bwana Afya wa wilaya, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wake kazini, mtu wa suti ya kaunda na kalamu tatu mfukoni, alijikuta anarudia maagizo yake mwenyewe kama mwanafunzi, halafu anakasirika akiwa ameshageuka kuondoka. Hata mimi, nikijua kabisa kwamba nasema kweli, nilirudia nikijihisi mwongo.

Nilisafiri naye kwa zaidi ya miaka mitatu. Nilikuwa mkunga kijana, nimepangiwa Tarime kutoka Songea, sijui Kikurya hata cha salamu. Yeye alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa kaki iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka inang'aa magotini. Kazi yetu ilikuwa kliniki za vijijini: leo Nyarero, kesho kutwa Kemambo, wiki inayofuata kwingine, kupima wajawazito na kuchanja watoto. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sitaziandika, maana sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia asichoulizwa. Hospitali nzima ilimwita Dereva, nami nitamwita hivyo hivyo.

Watu walisema ana kiburi. Ukimwamkia kutoka nyuma, "Shikamoo Mzee," alipita kama hujasema kitu. Ukimwamkia uso kwa uso alikuitikia marahaba nzuri, akakuuliza na habari za nyumbani. Wengine wakaona kwamba anachagua wa kuitikia kufuatana na hali yake ya siku hiyo. Mimi niliona vibaya zaidi: kwamba anataka umfuate mbele, umtazame, umwombe salamu.

Jambo jingine lililotukera ni kusimama kwake njiani. Tukifika penye daraja jembamba au kona iliyofichwa na majani, alizima injini, akashuka, akatembea mpaka kwenye kona yenyewe, akatazama huku na huku, kisha akarudi bila kusema alichokuwa akitazama. Kona moja ya kuteremkia Kemambo aliifanyia hivyo kila safari bila kukosa. Mhudumu mmoja tuliyekuwa tukienda naye aliniambia, tukiwa tumekaa garini tunamsubiri, "Sista, huyu kuna mtu anamngoja pale."

Siku hizo maneno kama hayo hayakupita hivi hivi. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilikuja duka la ushirika mara moja kwa mwezi, na sabuni ilipopotea ilipotea kwelikweli. Mpaka wa Kenya ulikuwa karibu, na vitu vilivuka Sirari kwa njia ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyekiri kuzijua. Mwanamke aliyenukia sabuni nzuri aliulizwa na balozi wa nyumba kumi ameitoa wapi. Huko Kemambo watu walikuwa wakichimbua dhahabu kwenye vishimo vyao, na ilisemekana inaondoka kidogo kidogo, mifukoni, ndani ya vibuyu, ndani ya nywele. Na gari lenye alama ya hospitali halikupekuliwa kizuizini. Askari walitupungia mkono tu.

Kwa upande mwingine, mtu huyu alikuwa hapokei hata kuku. Siku moja tulimchukua mama mmoja wa Nyarero aliyekuwa na uchungu wa siku mbili, na Dereva aliendesha polepole kwenye mashimo hivi kwamba yule mama aliweza kusinzia. Alijifungua salama hospitalini. Mume wake alikuja na jogoo mweupe, Dereva akamrudishia. "Mlishe mkeo," akasema. Lakini wiki hiyo hiyo alimwacha mwalimu mkuu wa shule barabarani kwenye mvua, kwa sababu mwalimu alitaka kupanda nyuma na siti za mbele zilikuwa zimejaa. "Simbebi mtu nisiyemwona," alisema. Sikujua nimweke upande gani, nami ni mtu ambaye asipojua mahali pa kumweka mtu, humweka upande mbaya.

Gari jipya lilitufikia mwaka wangu wa pili. Lilikuja na nailoni kwenye viti, na Dereva alikataa itolewe kwa miezi miwili. Lilikuwa na kitu ambacho la zamani halikuwa nacho, redio. Redio yenyewe ilikuwa imara, ya kiwandani, lakini spika yake ilikuwa moja tu, ndogo kama kifuniko cha kopo la maziwa, imepachikwa ndani ya dashibodi. Injini ya dizeli ikishanguruma, msomaji wa habari alibaki kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Sisi hatukujali. Gari lililopita halikuwa hata na kioo upande mmoja.

Dereva alijali. Siku ya kwanza alifungua sauti mpaka mwisho, akainama kana kwamba anatafuta kitu kwenye sakafu, sikio likiwa karibu na dashibodi. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari mbaya. "Hii wameweka ya urembo," akasema. Wiki iliyofuata alimleta Fundi.

Fundi nitamweleza kidogo. Alikuwa Mwislamu aliyetoka upande wa Tanga tangu ujana wake, akafungua kazi ya kutengeneza redio kwenye baraza karibu na soko la Tarime, pembeni ya mshona nguo. Nyuma yake redio zilizokufa zilipangwa mpaka darini. Alikuwa mpole, na alisema Kiswahili cha kwao ambacho watu wa soko walipenda kukiiga. Yeye na Dereva walikuwa marafiki, jambo lililonishangaza, kwa sababu sikuwahi kumwona Dereva na rafiki mwingine.

Kwa ruhusa ya nani gari la serikali lifunguliwe? Hilo nililiuliza, na jibu lilikuwa tayari: Dereva alishamwambia Bwana Afya kwamba spika kubwa itasaidia matangazo ya afya vijijini, na kwamba vifaa vyote vitatoka kwenye mabovu ya Fundi. Bwana Afya alipenda sana neno matangazo. Akaidhinisha.

Kazi ilichukua wiki tatu, kila alasiri, uani kwetu. Fundi aliondoa zulia, akapitisha nyaya mpya chini yake, akaweka fyuzi yake peke yake ili redio isije ikaunguza gari. Chini ya kiti alifunga kikuza sauti kilichotoka kwenye gari la sinema lililokufa. Kila mlango aliupa spika ndogo. Kisha ikaja kubwa, iliyong'olewa kwenye radiogramu ya mfanyabiashara mmoja aliyeondoka mjini. Karatasi yake ilikuwa imechanika, Fundi akaiziba kwa gundi na karatasi ya sigara, akaipuliza kama mtu anayepoza uji. Hiyo aliitengenezea sanduku la mbao za mvule. Sanduku lilikuwa zuri, na lilikuwa na kilango kidogo ubavuni.

Nilidhani litawekwa nyuma kabisa, kwenye mlango, watu wa vijijini wasikie. Dereva alitaka likae nyuma ya kiti chake, limegusa mgongo wa kiti. Fundi alijaribu kulisogeza kidogo kuelekea katikati.

"Hapo hapo," Dereva alisema. "Liniguse."

Walipowasha mara ya kwanza ilikuwa saa saba, wakati wa habari. Sauti ya msomaji ilitoka chini ya sakafu, nzito, vioo vikatetemeka, wagonjwa wakatoka wodini kutazama. Dereva alikaa kwenye kiti chake, mgongo ameukandamiza nyuma, macho ameyafumba. Habari zilipokwisha uso wake ulikuwa umelowa. Mimi nilidhani ni jasho.

"Nimempata," alimwambia Fundi. Fundi alimpigapiga goti.

Tangu siku hiyo hatukuwa na amani safarini. Redio ilifunguliwa tangu geti la hospitali mpaka kijijini. Habari, muziki, hotuba, vipindi vya wakulima, chochote. Tulipiga kelele kuongea sisi kwa sisi, na tulipomwambia apunguze alionyesha redio kwa kidole, akainua mabega, kama mtu anayesema atasikiaje na kelele zote hizi. Ilikuwa kama ananidhihaki. Na vijijini, ambako ndiko tuliahidiwa matangazo, alizima.

Kilichonivuruga zaidi ni kile kilango cha sanduku. Fundi alikiweka kwa ajili ya nyaya, lakini Dereva alikitia kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Spika ya nini yenye kufuli? Siku moja kwenye kona ya Kemambo, aliposhuka kutazama kama kawaida yake, nilimwona bibi mmoja akitoka kwenye majani na kumpa kitu kidogo kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Hakikuzidi ngumi ya mtoto. Alirudi, akafungua kufuli, akakiweka ndani, akafunga, akaondoa gari. Hakunitazama. Mimi nilitazama mbele.

Mwezi huo huo pamba ilikuwa ikipungua stoo. Mabunda matatu hayakuonekana, na aliyeweka sahihi kwenye daftari la stoo nilikuwa mimi. Pamba ilikuwa adimu kuliko dawa; tulikuwa tukiikata vipande vidogo kama tunagawa mkate wa wageni. Nikajumlisha: kufuli, kona, bibi, jani la mgomba, kizuizi kisichotupekua, na sanduku lililogusa mgongo wake ili mtu asilifikie bila yeye kujua. Ilikaa sawasawa. Na niseme kweli, niliifurahia ilivyokaa. Alikuwa amenifanya nirudie maneno mbele ya watu mara nyingi mno.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Afya.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Sina uhakika. Nina wasiwasi."

"Wasiwasi unatosha," akasema, na akachomoa kalamu mojawapo mfukoni.

Kesho yake asubuhi tulisimama uani. Bwana Afya alikuja na mgambo wawili, na Fundi alikuwa ameitwa kutoka sokoni na bisibisi yake. Dereva alikuwa amevaa kaki yake nzuri, ile ya sikukuu. Alipoambiwa afungue sanduku alivua ule uzi shingoni, akatoa ufunguo kwa utulivu ulionikasirisha. Kilango kilifunguliwa. Kisha Fundi akaambiwa afungue sanduku zima, naye akatoa skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kofia yake.

Ndani kulikuwa na spika. Nyuma ya spika kulikuwa na pamba yetu, mabunda mawili na ushei, imesukumwa kwenye pembe zote.

"Sanduku tupu hulia kama debe," Fundi alisema taratibu. "Hutiwa kitu laini ili sauti itulie. Mimi ndiye niliyetaka kitu laini. Sikuuliza kimetoka wapi."

"Mali ya umma," alisema Bwana Afya. Aliivuta yote, akaitawanya kwenye turubai, akaikagua kwa kalamu. Hakuona alichokuwa akikitafuta. Akaona kichupa kidogo bado kimezungukwa na jani la mgomba lililokauka, na kando yake vipande vya pamba vilivyosokotwa vidogo vidogo, vina rangi ya njano. Akafungua kichupa, akanusa, akakunja uso, akanipa.

Yalikuwa mafuta ya samli yenye harufu ya kitunguu saumu. Nimeyanusa maisha yangu yote. Bibi yangu Songea alikuwa akiyapasha moto na kuyadondosha. Na vile vipande vya pamba vilikuwa na unene wa kidole kidogo, vimechongoka upande mmoja.

Wakati huo Bwana Afya alikuwa amezunguka, yuko nyuma ya Dereva. "Dhahabu iko wapi?" akauliza.

Dereva alikuwa akitazama pamba.

"Nakuuliza wewe. Umeipeleka wapi?"

Mgambo mmoja akasogea. "Mzee anatudharau," akasema.

Dereva aliwaona watu wote wakimtazama, akajua kuna kitu kimesemwa. Hakugeuka, kwa sababu hakujua ageukie wapi. Akainua macho, akayaleta kwangu, na hayakutua machoni mwangu. Yalitua mdomoni.

Nilielewa yote mara moja, mpaka nikaona aibu kwa jinsi lilivyokuwa jambo la wazi. Mimi ni mtu wa hospitali. Miaka miwili nilikaa kando ya mtu anayeelekea kuwa kiziwi, nikamwona ana kiburi, ana dharau, ana siri na wachimbaji. Ningeweza kusema pale pale, "Hasikii." Neno moja lingemwondolea dharau na dhahabu, na lingemwondoa kwenye usukani jioni ile ile. Sikusema. Nilielekeza kidevu changu nyuma yake, kidogo tu. Akageuka.

"Sema tena," akamwambia Bwana Afya.

Bwana Afya aliporudia neno dhahabu, nikaona kitu kama tabasamu pembeni mwa mdomo wa Dereva. Wengine walilichukua kuwa ujeuri, na likamwongezea Bwana Afya hasira. Mwisho wake Dereva aliandikiwa barua ya onyo kwa ajili ya pamba, sanduku likang'olewa likabaki kwa Fundi, na gari likarudishiwa spika yake ndogo ya kiwandani. Kufukuzwa hakufukuzwa, hapakuwa na dereva mwingine aliyeijua njia ya Kemambo wakati wa mvua.

Jumamosi nilikwenda kwa Fundi barazani. Nilitaka aniambie kwamba nimekosea. Alikuwa akichomelea waya, hakuinua kichwa.

"Umeshajua, Sista," alisema.

"Tangu lini?"

"Sikio la kulia lilikufa kabla hujaja. La kushoto linafuata. Yeye husema ni sindano za kwinini, mimi husema ni yale magari ya zamani. Kwa mgongo anasikia. Spika ile ikimgusa, anamfuata msomaji neno kwa neno, au karibu." Akapuliza moshi wa risasi ya kuchomelea. "Na kuna jambo la pili. Redio ikiwa juu, garini wote ni viziwi. Hakuna wa kumjua yeye."

"Na anabeba wajawazito, Fundi."

"Ndiyo maana hushuka kwenye kona," akasema. "Wewe ulidhani anashuka kufanya nini?"

Sikulala vizuri siku mbili zile, na Jumatatu nilikaa kiti cha mbele kama kawaida, upande wake wa kushoto. Gari lilikuwa kimya. Ilikuwa siku ya Nyarero. Tulipokuwa tunapanda kilima, lori la pamba la ushirika lilitufikia nyuma na kuanza kupiga honi. Dereva alikuwa katikati ya barabara. Lori likapiga tena, refu, likatoka upande wa kulia kutupita, na mimi nikaona mbele yetu ng'ombe wanateremka na mchungaji wao, barabara nzima. Dereva naye aliwaona, akaanza kuwakwepa kwa kwenda kulia.

Nilimpiga begani. Sikumgusa, nilimpiga, kwa kiganja chote, nikasukuma kushoto. Akarudisha usukani. Lori likapita karibu hivi kwamba vumbi lake liliingia lote mdomoni mwangu, likafunga breki mbele ya ng'ombe wa kwanza. Dereva wa lori alitoa kichwa akasema maneno ambayo, kwa bahati, ni mimi tu niliyeyasikia.

Tuliendelea. Tulianza kuziona nyumba za Nyarero. "Sista," akasema akitazama mbele, "una mkono mzito."

Hatukuwahi kulipanga kwa maneno, lakini tangu siku hiyo ilikuwa hivyo. Pigo moja begani, kuna gari nyuma. Mawili, kuna mtu anaita. Kiganja kikikaa, simama. Mhudumu alidhani nina mazoea mabaya na mzee wa watu. Miezi kumi na nne tuliendesha gari lile wawili, yeye macho na mimi masikio, na katika miezi hiyo sikumwamini hata siku moja. Nilimtazama anavyonitazama. Nilijiuliza anajua nani aliyesema kwa Bwana Afya, au hajui. Aliniachia kiti cha mbele kila siku, akanifutia vumbi kwa kitambaa chake, na sikujua ile ni heshima au ni nini. Sikumwambia mtu juu ya masikio yake. Mpaka leo sina hakika kama nilitenda vyema. Hakuna aliyekufa, na hiyo siyo hoja.

Baadaye nilihamishiwa Mugumu. Nikaolewa huko, nikazaa, nikawa mkubwa wa wodi. Nilisikia kwamba Dereva alijistaafisha mwenyewe muda mfupi baada ya kuondoka kwangu. Aliweka ufunguo wa gari mezani kwa Bwana Afya, akaenda nyumbani Nyarero. Nilipopata likizo nilipanda basi mpaka Tarime, kisha gari la mizigo, nikamfuata.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake, asubuhi, anasokota kamba ya katani. Alikuwa amezeeka ghafla. Mkewe alinishika mkono akaniweka kwenye kigoda mkabala naye. "Kaa hapa," akasema. "Ukikaa pembeni unaongea na ukuta."

"Shikamoo Mzee," nikasema.

"Marahaba, Sista." Aliitamka kwa sauti kubwa kabisa. Alikuwa amepoteza kipimo cha sauti yake, kila alilosema lilisikika mpaka nyumba ya tatu.

Tuliulizana hali. Kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia. Nilikisema polepole, mdomo ukitamka kila silabi, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie.

"Kwamba ni wewe uliyenisemea kwa Bwana Afya," Dereva alisema. Mwanamke aliyekuwa akipita njiani na ndoo alisimama. "Nilijua siku ile ile. Nilikuwa naosha gari mbele ya dirisha lake. Nikaona mdomo wako unasema Dereva. Kisha yeye akasimama kati yetu, sikuona mengine. Nikajua umesema masikio. Asubuhi nikavaa kaki nzuri, nikasema leo wananinyang'anya usukani. Halafu yule ananiuliza dhahabu." Akatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Dhahabu, mimi."

"Kama ulijua, kwa nini uliendelea kunikalisha mbele?"

"Ningekuweka nyuma ningeuonaje mdomo wako?" Aliuliza bila chuki, kama anayeeleza jambo la kazi. "Kila siku nilikungoja useme na la masikio. Nilikuwa nakuchunga."

Miezi kumi na nne nilidhani ni mimi ninayemchunga.

Aliweka kamba magotini. "Sasa nami nikuulize. Ulipokuwa unanigonga bega, ulikuwa unanihurumia, au ulikuwa unaiogopea roho yako?"

Huruma ndilo neno nililokuja nalo kutoka Mugumu. Nilikuwa nimeliandaa njia nzima. Lakini alikuwa amenikazia macho mdomoni, na niliona kwamba nikilisema atalisoma, na atajua.

"Nilikuwa naogopa kufa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu, kama mtu aliyeletewa hesabu yake akakuta iko sawa.

"Afadhali," akasema. Nyumba ya tatu walisikia. "Ungekuwa unanihurumia ungechoka, ungesinzia. Mwenye kuiogopea roho yake alikaa macho mpaka Kemambo."

Kisha akanipa ncha ya kamba niishike, akainuka, akarudi nyuma hatua kadhaa ili aikaze.